Gemu Elfu Kumi, Majina Sifuri

Jumamosi, saa nne usiku, hosteli.

Najua nimekuwa kimya tangu UE zianze, na kuna waliotuma meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko. Nipo Mbeya hapa hapa, bumu limekata, likizo imefika na wiki ijayo napanda gari pale Mbalizi, napitia Mkwajuni, naingia nyumbani Mbangala. Kabla sijaondoka nina hoja moja ambayo nimeibeba muda mrefu, na kuna watu wa floo yangu watanuna. Nuneni tu.

Hoja inahusu ile flashi. Mnaijua. Ile inayozunguka chumba hadi chumba, "gemu elfu kumi za zamani, mzee, zote za mashine za sarafu". Kila mtu kaikopi. Wengine wameshaipeleka Tunduma, Vwawa, Mkwajuni, na wengine wiki hii wanaikopi tena ili wawapelekee wadogo zao. Kila anayeigawa anataja idadi, na kila mkono inapopita idadi inaongezeka kama umbea. Sijasikia hata mmoja akisema: nina gemu hizi, za mwaka huu, zimetengenezwa na fulani, na zote zinafunguka.

Fungua hiyo flashi uone. sf2ce. mslug. ffight. kof97. dino. Kisha sf2 nyingine, na nyingine, na nyingine, mpaka unaacha kuhesabu. Kisha folda inaitwa "New", ndani yake kuna "New 2", ndani yake kuna "Gemu kali". Picha nazo ndiyo kichekesho: Pac-Man ina picha ya Sonic, Metal Slug ina picha ya mwanajeshi wa gemu ya juzi juzi, na gemu za Donkey Kong zote tatu zina picha moja. Hivi jamani, hii ni hazina au ni jalala?

Mimi nasema ni jalala. Nendeni Mwanjelwa mkamwangalie muuza mitumba. Akifungua belo, kitu cha kwanza anachofanya ni kuchambua. Mashati huku, suruali kule, ya watoto pembeni, zilizochanika chini kabisa. Hajasoma chuo yule, wala hana mkopo wa serikali. Lakini anajua kwamba mteja hanunui belo, ananunua shati. Sisi wasomi tunamkabidhi mdogo wetu belo zima, halafu tunajipiga kifua kwamba tumempa gemu elfu kumi.

Ugonjwa huu wa idadi ni wa zamani. Waliokua na zile TV gemu za kaseti wanakumbuka kaseti iliyoandikwa "9999 in 1". Ulikuwa unakuta gemu chache tu za kweli, halafu orodha inajirudia: gemu ile ile imepewa jina lingine, au inaanzia hatua ya tatu badala ya ya kwanza. Yule mtengenezaji wa kaseti alikuwa anauza uongo ili apate hela. Nyie mnaugawa bure! Mnapata nini?

Sasa tuingie ndani kidogo, maana wengi wanaopiga kelele hawajui hata kwa nini majina yako vile.

MAME, emuleta iliyobeba karibu mambo yote haya, ilitolewa mara ya kwanza Februari 1997 na Mwitaliano anaitwa Nicola Salmoria. Enzi hizo ni za DOS, na faili la DOS halikuruhusiwa kuwa na jina linalozidi herufi nane kabla ya nukta. Ndiyo maana Final Fight ya Capcom ya 1989 ikawa ffight, Double Dragon ya 1987 ikawa ddragon, na Cadillacs and Dinosaurs ikawa dino. Si uvivu wa mtu. Jina lile ni ufunguo: emuleta inalitafuta hilo hilo, herufi kwa herufi.

Kwa hiyo kuna aina ya mtu ambaye namuogopa kuliko yule mvivu. Huyu ni mtu wa bidii. Anakaa usiku kucha anabadilisha dino.zip kuwa "Gemu ya Madinosau.zip", anajiona amepanga. Asubuhi hakuna kinachofunguka, halafu anasema emuleta ni mbovu. Kaka, dada, umebadilisha namba ya nyumba halafu unamlaumu mgeni kwa kupotea. Jina la faili ni la mashine, liache. Lebo, yaani jina linaloonekana kwenye skrini, ndiyo ya binadamu, na hiyo inaandikwa kwenye orodha, sio kwenye faili. Ni vitu viwili tofauti, na nusu ya fujo ya flashi ile inatokana na watu kutojua hilo tu.

Halafu kuna suala la mzazi na mtoto. Kwenye MAME gemu moja inaweza kuwa na matoleo mengi, moja linaitwa mzazi na mengine ni watoto wake. Kwa mfano puckman, ya Namco ya 1980, ndiyo mzazi, na pacman, ile iliyouzwa Marekani na Midway, ni mtoto. Seti zikiwa zimegawanywa, faili la mtoto linabeba tofauti zake tu, mengine anayachukua kwa mzazi. Futa mzazi, mtoto naye amekwisha. Sasa mtu asiyejua haya anaona mafaili mawili "ya Pac-Man", anafuta moja kupunguza uzito. Kilio.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Likizo iliyopita, kijana mmoja wa nyumbani alinionyesha simu yake. Alikuwa amekopi flashi hii hii kutoka kwa mwanachuo mmoja. Kadi ya memori ikamjaa, akaanza kufuta vitu "visivyofunguka". Akalikuta faili linaitwa neogeo.zip. Akaligusa, halikucheza. Akafuta. Kuanzia siku hiyo Metal Slug haikufunguka, King of Fighters haikufunguka, Samurai Shodown haikufunguka, hata moja. Kwa sababu neogeo.zip sio gemu, ni roho ya ile mashine ya SNK ya 1990, na gemu zote za Neo Geo zinaiegemea. Yule dogo hana kosa. Angejuaje? Aliyempa hakumwandikia hata mstari mmoja. Na Mbangala kupata lile faili tena ni kuunguza bando ambalo mzee wake alilipanga kwa mambo mengine. Sisi wenye waifai ya maktaba hatulioni hilo.

Kitu kingine: kitu kisicho na jina hakiombwi. Mtoto hawezi kuniambia "kaka, niletee sf2ceua". Atasema niletee ile ya kupigana. Ipi? Zipo mamia! Wadogo zangu wana gemu wanaiita "Mustafa". Nilichukua muda kugundua wanamaanisha ile dino, kwa sababu mmoja wa wapiganaji wake anaitwa Mustapha Cairo. Na unajua nini? Jina lao ni zuri kuliko dino. Linaeleweka. Mimi sioni tatizo lebo ikiandikwa "Mustafa: Cadillacs and Dinosaurs, Capcom". Jina la mtaani lina haki yake, ila lisimfute aliyeitengeneza.

Mtu atasema, majina yenyewe yanagombana, jina lipi sahihi? Ni kweli yanagombana. Contra ya Konami ya 1987 Ulaya iliitwa Gryzor, na baadhi ya matoleo ya nyumbani ya huko yakaitwa Probotector, wanajeshi wakageuzwa kuwa roboti. Kwenye Street Fighter II, bondia aliitwa M. Bison kule Japani. Kwa kuwa alifanana mno na Mike Tyson, nje ya Japani majina yakazungushwa: bondia akawa Balrog, Balrog akawa Vega, Vega akawa M. Bison. Pac-Man mwenyewe kwao aliitwa Puck Man, Wamarekani wakaogopa wahuni wataikwangua ile P iwe F. Sasa, hii ndiyo sababu ya kuacha kupanga? Hii ndiyo sababu ya kupanga! Ukiandika lebo ya toleo ulilonalo, Japani, Ulaya au Marekani, huyo mtoto anajua kwa nini bondia wake ana jina tofauti na bondia wa jirani. Usipoandika, watapigana ngumi za kweli.

Tuje kwenye picha, maana hapa ndipo mnapojiona wasanii.

Gemu za mashine za sarafu hazikuwa na boksi. Zilikaa kwenye kabati la mbao lenye skrini, juu yake kuna bango lenye taa na jina la gemu, ubavuni kuna michoro, na mtengenezaji alichapisha kipeperushi cha kuwashawishi wenye kumbi wanunue. Hiyo ndiyo sanaa yake halali: bango, kipeperushi, kabati, picha ya mwanzo wa gemu na picha ya gemu ikichezwa. Ukibandika kava la toleo la nyumbani juu ya gemu ya kabatini, umeweka picha ya ndugu yake. Wanafanana, lakini si yeye. Matoleo ya nyumbani mara nyingi yalipunguzwa: Final Fight ilipohamia Super Nintendo ilipoteza mpiganaji mzima, Guy, na uwezo wa kucheza watu wawili. Mtoto anaona kava, anategemea kitu kimoja, anapata kingine.

Na sasa kuna mtindo mpya wa kuiambia mashine ichore kava. Nimeziona. Rangi kali, misuli mingi, vidole sita. Picha ya kweli ya mwaka ule ipo, ilichorwa na mtu, imehifadhiwa. Mradi wa Kiitaliano wa Progetto-SNAPS umepanga picha za MAME kwa majina yale yale mafupi ya mafaili. Kwa nini uweke ya uongo?

Wanaotumia RetroArch kazi yao ni tofauti kidogo. Kuna folda kama Named_Boxarts, Named_Snaps na Named_Titles, na picha inaweza kuitwa sawasawa na lebo iliyo kwenye orodha. Alama kama nukta mbili au alama ya kuuliza zinageuzwa kuwa mstari wa chini. Ukibadilisha lebo iwe "Mustafa", badilisha na jina la picha. Ni hivyo tu. Asiyeweza hilo, ule uhandisi anausomea nini?

Najua majibu yenu. La kwanza: "Ni gemu tu, mwana." Sawa. Na muziki ni muziki tu, lakini mkipewa wimbo umeandikwa "Track 07" mnalalamika mpaka asubuhi. La pili: "Programu inapanga yenyewe." Programu inatafuta picha kwa jina au kwa alama za ndani ya faili. Ukiipa takataka inakurudishia takataka iliyopambwa, ndiyo maana Pac-Man amekuwa Sonic. La tatu ndilo zito: "Gemu zenyewe ni za kukopi, unapanga mali ya watu?" Hapo mmenena. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda na programu za kompyuta, na nyingi ya gemu hizi wenyewe wapo hai. Hata watu wa MAME hawagawi gemu pamoja na emuleta yao, isipokuwa chache zilizoruhusiwa na wenyewe, kama Gridlee na Robby Roto, tena sio kwa biashara. Lakini utajuaje ipi imeruhusiwa na ipi haijaruhusiwa kama hujui hata inaitwaje? Asiyetaja mwenye mali ndiye anayefanana na mwizi zaidi.

Basi madai yangu ni haya. Kabla flashi haijapanda basi, gemu ipungue mpaka zile unazozijua. Hamsini zinatosha! Faili libaki na jina lake. Lebo iwe na jina kamili, mtengenezaji na mwaka. Picha iwe ya gemu ile ile. Taja toleo la emuleta, maana MAME 2003 inataka seti za 0.78 na seti za toleo lingine zinaweza kuikataa. Na weka faili moja la maandishi, kwa Kiswahili, mistari mitano: usifute neogeo.zip, usifute wazazi, usibadilishe majina. Hiyo ni kazi ya jioni moja, na jioni mnazo, nawaona mnavyozimalizia kwenye korido.

Ya kwangu ina gemu arobaini na tatu, lebo zote zimekamilika, na Mustafa yupo namba moja. Anayetaka kukopi aje chumbani kabla ya Jumatano. Anayetaka kubishana naye aje, ila aje na flashi yake tuifungue mbele ya watu.

Nawasilisha.