Bei ya Gari la Staa Tunaijua, ya Darasa Je?

Wana Chuga, tuambiane ukweli. Staa akinunua gari, kuanzia Sakina mpaka Usa River kila mtu anajua bei. Darasa la mtaani kwako je?

Mwaka 2021 serikali ilikopa IMF trilioni 1.3. Humo yakatoka madarasa 15,000, kila moja milioni 20. Mkopo ule, deni letu sote!

Na kwa fosi akaunti, shule ndiyo inanunua saruji na kutafuta fundi, kamati inasimamia. Wazazi wamo humo. Sasa mheshimiwa anakata utepe, sisi tunapiga selfi. Risiti nani kaomba?

Sakafu ikipasuka msimlaumu fundi peke yake. Mkutano wa mtaa ukiitwa, nenda kaulize: iliingia mifuko mingapi?