Uruguay si mkono wa Suárez tu

Jamani, hivi mpaka lini? Ikitajwa Uruguay, iwe kijiweni au chumba cha habari, utasikia kitu kimoja tu: Luis Suárez na ule mkono wake. Hata mchambuzi wa michezo anayelipwa mshahara hana la kuongeza.

Machungu nayaelewa. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, Ghana walibakiza goli moja tu waingie nusu fainali ya Kombe la Dunia, hatua ambayo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imeifikia. Suárez akauzuia mpira kwa mikono mstarini. Akala kadi nyekundu, Ghana wakapewa penalti, Asamoah Gyan akagonga mwamba. Sheria ilifuatwa. Morocco wameshafika nusu fainali mwaka 2022, sisi bado tunalia na mkono.

Ninachobisha ni hiki: hasira kwa mtu mmoja imetufanya tusiwaone ndugu zetu walioko kule kule Uruguay.

Muulize mchambuzi wako José Leandro Andrade ni nani. Mtu mweusi, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1924 na 1928, kisha Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1930. Paris ilimshangaa miaka 16 kabla Pelé hajazaliwa! Akafa fukara Montevideo mwaka 1957. Muulize na Obdulio Varela, nahodha mwenye damu ya Kiafrika aliyewaliza Wabrazil ndani ya Maracanã mwaka 1950. Utajibiwa kimya.

Na si mpira tu. Candombe, muziki wa ngoma ulioanzishwa na Waafrika waliopelekwa Montevideo utumwani, unapigwa mitaani hadi leo, na mwaka 2009 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Mchoraji Pedro Figari aliuchora tena na tena. Rubén Rada akauchanganya na roki na jazi. Virginia Brindis de Salas, mwanamke mweusi, alichapisha mashairi yake mwaka 1946. Wangapi kati yetu tumewahi kuandika hata aya moja juu yao?

Tusisingizie kwamba habari hazipo. Eduardo Galeano, mwandishi wa Montevideo aliyekimbia nchi baada ya jeshi kupindua mwaka 1973, aliwaandika Andrade na Varela katika kitabu chake cha soka cha mwaka 1995. Kimetafsiriwa. Kinasomeka. Tatizo ni uvivu wetu.

Najua utaniambia: si huyo huyo Suárez aliyefungiwa mechi 8 Uingereza mwaka 2011 kwa kumtolea Patrice Evra maneno ya kibaguzi? Ndiyo, na alistahili. Lakini mbaguzi atafurahi zaidi akiona Mwafrika mwenyewe hamjui Andrade.

Sisi ndio wa kwanza kulalamika wazungu wakiionyesha Afrika kama njaa na vita tu. Tunapiga kelele, na tuna haki. Halafu nchi nzima tunaikunja ndani ya kiganja cha mtu mmoja! Tofauti iko wapi?

Kama hasira ya mwaka 2010 haijaisha, kaa nayo. Ila ukishika tena kalamu kuiandika Uruguay, anza na Andrade.

Naomba kutoa hoja.