Fizikia ya Plazima Ina Mkate

Humu shuleni kuna swali la kejeli: "Ukisomea fizikia ya plazima, utakula nini?" Mimi nasema mkate upo.

Plazima yenyewe si ile ya damu. Ni gesi iliyopashwa joto au kupigwa umeme hadi atomu zake zikapoteza elektroni. Radi ni plazima. Hata ule mwanga mkali wa fundi wa kuchomelea vyuma pale jua kali ni plazima, na fundi anakula!

Kweli, kazi za kuunganisha viini vya atomu ili kupata umeme, kama kwenye mradi wa ITER kule Ufaransa, ni chache na ziko mbali. Anayengojea hizo pekee atangoja sana. Lakini plazima hutumika pia viwandani kuchonga saketi ndogo mno za simu. Isitoshe, mwenye kuisomea huhitimu akijua umeme, hesabu na programu za kompyuta, na ujuzi huo hauozi.

Basi walimu wetu, msimvunje moyo anayeipenda. Nawe mwenzangu, ukihitimu usibague kazi: mchagua jembe si mkulima.