Jina moja, maandiko mawili, mutoto anapotea

Wandugu wasikilizaji wa Karavia, na ninyi mulioacha vijiji vyenu sababu ya vita, namna majina yetu yanaandikwa ni hatari.

Kartasi moja inaandika Tshibanda, ingine Chibanda. Kwa masikio ni mutu mumoja. Mashini haina masikio: kwake ni watu wawili. Sisi tunafuata "Tsh" tuliyoachiwa na Wabelgiji. Zambia, ngambo ya mupaka, wanaandika "Ch". Hata ziwa letu, hapa Moero, kule Mweru. Maji ni yale yale!

Hata wafundi wakubwa walikwama. Mwaka 2009 Google ilitoa luga ya programu yenye kuitwa Go, neno fupi la kila siku. Ukilitafuta kwenye intaneti, yanakuja mambo mengine. Wenye kuitumia wakazoea kuandika "golang". Wao wanapoteza dakika. Mama mwenye kutafuta mutoto kwenye listi anamukosa mutoto.

Basi ninyi wenye kuandika listi za wakimbizi, muache haraka! Mufuate kartasi ya zamani ya mutu, na pembeni muongeze maandiko ya pili. Na sisi jamaa tutafute kwa njia zote mbili. Ni wino kidogo tu.