Neno Lisilosemwa

Yako maneno ambayo mtu huyakubali bila kuyasikia, nayo huyakubali kwa sababu hayakusemwa. Mtu akikuambia, "Fulani ni tajiri, basi hawezi kuiba," umesikia maneno mawili. Lakini katikati yake limo la tatu, ndilo linaloyaunganisha, ya kwamba mtu haibi ila kwa uhitaji. Lau lingetamkwa waziwazi, ungalilikataa upesi, maana umekwisha kuona matajiri walio wezi. Kwa kuwa halikutamkwa, limepita uani, wenye nyumba wakizungumza barazani.

Jambo hili si geni. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika katika kitabu chake cha ufasaha ya kwamba msemaji hana haja ya kutaja neno linalojulikana, maana msikilizaji hulitia mwenyewe. Kuacha neno si kosa. Tungetaja kila neno, mazungumzo yasingekwisha. Kosa ni kutolitazama neno tulilolitia sisi wenyewe.

Leo nataka tutazame hoja moja yenye maneno ya namna hiyo, nayo imewagharimu watoto wengi masomo yao. Katika Tanzania Bara, kwa miaka mingi, msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule. Mwezi wa Juni 2017, Rais John Magufuli, akihutubia watu wa Chalinze, alisema ya kwamba katika utawala wake msichana aliyezaa hatarudi shuleni. Mwezi wa Novemba 2021, katika utawala wa Rais Samia Suluhu Hassan, Serikali ilitangaza ya kwamba wasichana hao waruhusiwe kurudi. Amri imebadilika, lakini hoja zilizoishikilia zingali hai. Nazisikia katika vikao vya wazazi, na naona haya kusema ya kwamba nazisikia pia katika vyumba vya walimu.

Hoja ya kwanza yasema, "Tulifuata kanuni." Basi na tuisome kanuni. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi aliyetenda kosa dhidi ya maadili, na kadhalika aliyeingia katika ndoa. Neno mimba halikutajwa. Nani basi aliyelitia? Ni msomaji. Alisema, "Mwenye kutenda kosa afukuzwe, huyu ana mimba, basi afukuzwe." Neno lililoachwa ni hili: kila mwenye mimba ametenda kosa. Lakini sheria ya nchi, tangu mwaka 1998, yasema ya kwamba mwanamume alalaye na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mkewe amebaka, hata kama msichana alikubali. Tena tangu mwaka 2016 sheria ya elimu yampa kifungo cha miaka 30 mwanamume amtiaye mimba mwanafunzi. Wengi wa wasichana wetu wa sekondari hawajafika umri huo wa miaka 18. Sheria yamwita mtoto huyo mtendwa, nasi katika kikao twamwita mtenda. Haya mawili hayawezi kukaa katika kinywa kimoja.

Hoja ya pili yasema, "Akirudi, wenzake watamwiga." Hapa yamefichwa maneno mawili: la kwanza, ya kwamba msichana hupata mimba kwa kutamani hali ya mwenziwe, la pili, ya kwamba hofu ya kufukuzwa ndiyo imzuiayo. Tuyaulize yote mawili. Kufukuza kulikuwako miaka mingi, na kila mwaka walipatikana wa kufukuzwa. Hofu ilimfaa nani? Na huyo aliyerudi, wenzake wamwona nini cha kutamani? Wamwona akisinzia darasani kwa kukesha na mtoto, akinakili masomo ya mwaka mzima yaliyompita, akinong'onwa apitapo. Sisemi ya kwamba mfano hauna nguvu juu ya vijana. Nasema mwenye kudai na athibitishe. Nchi ya Kenya iliruhusu wasichana hao kurudi tangu mwaka 1994. Hapo palikuwa mahali pa kutazama. Lakini katika vikao vyetu sijamsikia hata mmoja akiuliza yaliyotokea huko, maana neno lililokwisha kukubaliwa kimya halitafutiwi ushahidi.

Hoja ya tatu ni mithali: "Samaki mmoja akioza, huoza wote." Ikisemwa hiyo, kikao hunyamaza, kana kwamba shauri limekatwa. Lakini mithali hutupa mfano tu, haituonyeshi ya kwamba mfano wafaa. Neno lililofichwa hapa ni ya kwamba mtoto huyu ni uozo, na uozo wake waambukiza. Nani alithibitisha? Tena aliyemtia mimba akiwa ni mvulana wa shule, mara ngapi amebaki kwenye dawati lake wala hakuitwa samaki? Wazee walituachia na mithali nyingine, "Kosa moja haliachi mke." Mbona hiyo haikumbukwi? Sisemi ya kwamba ndiyo ifaayo hapa. Nasema aliyeichagua ile akaiacha hii alikuwa amekwisha kukata shauri kabla ya kufungua kinywa.

Wala tusiwapime wengine tukajiacha wenyewe. Sisi tulioshangilia mwaka 2021 tulisema, "Ameruhusiwa, basi atarudi." Nasi tulikuwa na neno letu tusilolisema: ya kwamba mlango ukifunguliwa yatosha. Haitoshi. Mtoto mchanga atalelewa na nani mama yake akiwa darasani? Nauli na daftari vitatoka wapi, ikiwa baba wa nyumbani amekwisha kumkana? Na mwalimu atamwita kwa jina lake, au atamwita "mama fulani" mbele ya darasa ili wacheke? Maadamu maswali haya hayajibiwi, ruhusa yetu ni karatasi.

Walimu wenzangu, kazi ya kulitafuta neno lililofichwa si ngumu, na watoto wa darasa la saba waiweza. Andika ubaoni neno linalodaiwa, chini yake andika sababu iliyotolewa, kisha uliza, "Ni neno gani linaloishika sababu hii na dai lile?" Likipatikana, litamkwe kwa sauti. Kisha mpeni mtu mwingine neno lile lile, mvulana badala ya msichana, mtoto wa mkubwa badala ya mtoto wa mkulima, mwone kama mwalikubali bado.

Basi katika kikao kijacho, mzee mmoja atakaposimama na kusema, "Akirudi watamwiga," tusimzomee. Tumwambie kwa adabu, "Mzee wetu, tafadhali utumalizie sentensi yako. Watamwiga kwa sababu gani?" Tena tungoje jibu. Huenda analo, nasi tutajifunza. Huenda hana, naye atalisikia neno lake kwa mara ya kwanza. Katika hali zote mbili, msichana anayengoja nje ya mlango atakuwa amehukumiwa kwa maneno yaliyosemwa.