Walimu wa Ziwani Tusiojua Kuogelea

Najua nimepotea sana hapa. Kwanza nilikuwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo, halafu likaja bumu, halafu likaisha (mnajua wenyewe linavyoisha), halafu nikasafiri kidogo. Sasa nimerudi kampasi, mwenzangu wa chumba amelala, umeme upo, na nina jambo linanikereketa. Leo sina stori za kantini. Leo nina hoja.

Hoja yenyewe ni hii: mwanachuo anayesomea ualimu hapa Mwanza asimalize miaka yake mitatu bila kujua kuogelea. Na nikisema kuogelea sina maana ya kushindana mbio za majini kama wale wa Olimpiki. Nina maana ya kuelea, kutia uso majini bila kuchanganyikiwa, na kufika ukingoni ukiwa mzima.

Kabla hamjaanza kunicheka, naungama. Hadi mwaka huu mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Na mimi ni mtoto wa Ukerewe jamani! Nimezaliwa kisiwani, nimekuzwa kwa sato na dagaa, nimepanda meli ya Nansio kuja Mwanza mara zisizo na idadi. Lakini maji yakipita magoti tu, moyo unaanza kwenda mbio. Kwetu waliojirusha mwaloni walikuwa wavulana. Sisi wasichana ziwani tulikwenda kuchota maji, kufua na kuosha vyombo. Ukijisahau ukasogea mbele kidogo unasikia sauti ya mama: "Toka huko, mamba!" Basi, nikakua hivyo hivyo.

Kilichoniamsha ni darasa. Nilipangiwa shule moja ya kando ya ziwa, Kidato cha Pili, somo Jiografia. Siku ya mada ya maziwa nikajimwaga kweli kweli. Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko yote Afrika, kilomita za mraba zipatazo 69,000, linakaliwa na nchi tatu na karibu nusu yake iko kwetu Tanzania. Wanafunzi wanaandika, mimi natembea katikati ya madawati kama profesa. Mwisho nikauliza swali la kuchangamsha darasa tu: "Haya, nani anajua kuogelea?" Ikanyooshwa mikono michache kule nyuma, yote ya wavulana. Kisha binti mmoja wa mbele akauliza kwa adabu kabisa: "Samahani mwalimu, na wewe unajua?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, sijui. Hawakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Waliona ni kawaida tu. Mwalimu anajua ukubwa wa ziwa, basi yatosha.

Likizo ilipofika nikaenda Dar kwa binamu yangu. Jumamosi moja akanipeleka kisiwa cha Mbudya, unapanda boti kutoka Kunduchi. Nilidhani tunakwenda kula samaki na kupiga picha. Kumbe mwenzangu keshakodi miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia! Nikakataa. Nikasingizia nywele. Akasema nywele zitasukwa upya.

Naeleza jinsi inavyokwenda, maana wengi wetu tunaona kwenye picha tu tukadhani ni mambo ya wazungu. Miwani inafunika macho na pua, kwa hiyo unapumua kwa mdomo, kupitia mrija unaobaki juu ya maji. Kioo unakitemea mate, unapaka, unasuuza, ili kisipate ukungu (msicheke, inafanya kazi). Unavaa laifu jaketi, unaingia taratibu kutoka ufukweni, mahali unaposimama na maji yanaishia kifuani. Unalala kifudifudi. Maji yakiingia kwenye mrija unayapuliza kwa nguvu, yanatoka. Huendi peke yako hata siku moja. Husimami juu ya matumbawe, maana yako hai na yanavunjika, na vile viumbe vya miiba mirefu myeusi vitakufundisha adabu. Tena Mbudya ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo hakuna kuokota chochote cha kupeleka nyumbani.

Mara ya kwanza nilitia uso majini nikatoka nao sekunde hiyo hiyo, nakohoa. Ya pili vivyo hivyo. Kijana wa boti akanishika kiwiko akaniambia, "Dada, usishindane nayo. Pumua kwanza, mengine baadaye." Mara ya tatu nikapumua. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe, ndani, nje, ndani, nje. Nikafungua macho. Chini yangu kulikuwa na mchanga mweupe, matumbawe, na samaki wadogo wa milia wanapita mbele ya kioo kana kwamba mimi ni jiwe. Nilikaa pale hadi mgongo ukaungua na jua. (Vaeni fulana. Nawaambia kama dada yenu.)

Lakini nilipokuwa kwenye boti tunarudi, raha ikachanganyika na hasira. Nimesafiri kutoka Mwanza hadi Dar kwenda kuangalia samaki wa bahari, na wa kwetu je?

Niliporudi nikaingia maktaba, nikasoma, nikabaki mdomo wazi. Mnajua kwamba kuna samaki wa ziwa hili anayeitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere? Jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei. Ni mmoja wa wale furu tunaowaona wadogo wasio na maana. Wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 1985, na anaishi Ziwa Victoria peke yake, kwenye miamba kama hii hii ya Mwanza. Dume lina milia myeusi, ubavu wa njano na mgongo mwekundu. Ana ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la rangi ya samawati. Hilo ni neno la Kiswahili kwenye jina la kisayansi! Wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani wanaye kwenye matangi ya vioo sebuleni. Sisi tuliomzunguka hatujawahi kumwona.

Na kuna sababu nyingine ya kutomwona. Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi katika miamba ya huku kwetu walichapisha kwenye jarida la Science kwamba ziwa linavyozidi kuchafuka, mwanga unapungua chini ya maji, na samaki hawa, ambao majike huchagua madume kwa rangi, hawatofautishi tena mwekundu na wa samawati. Wanachanganyika, na aina zinapotea. Tope la mashamba, maji taka ya mjini, mwani unaostawi kwa uchafu wetu, vyote vimo humo. Ongeza sangara, aliyepandikizwa humu miaka ya 1950 na 1960, akaja akafumka miaka ya 1980 na kuwamaliza furu wengi. Yote haya yametokea mbele ya nyumba zetu, lakini nani angeona, wakati hakuna anayetia kichwa majini?

Sasa tuje kwenye zito. Hapa sicheki.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza, mamia ya watu wakafa. Wengi wetu hatujazaliwa wakati huo, lakini makaburi ya Igoma tunayajua. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika gati ya Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Wale ni watu wa nyumbani kwetu. Siku mbili baadaye wazamiaji walimkuta fundi mmoja wa kivuko yu hai ndani, mahali palipobaki hewa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia ziwani pale Bukoba, karibu na uwanja. Walikuwemo watu 43, wakafa 19. Waliofika wa kwanza kuokoa ni wavuvi, akiwemo kijana Majaliwa Jackson ambaye Taifa zima lilimjua wiki ile.

Angalieni hizo mbili za mwisho. Ufukwe ulikuwa unaonekana kwa macho.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba waliokufa walikosea kwa kutojua kuogelea. Kivuko kile kilitengenezwa kubeba watu 101, na anayejaza zaidi ndiye wa kuulizwa. Mtu aliyenaswa ndani ya chombo kilichopinduka hata awe bingwa anaweza asitoke. Kujua kuogelea si ruhusa ya kujaza meli. Ila msisahau kuna wale wasiotangazwa: mtoto aliyeteleza akichota maji, mvuvi aliyeanguka usiku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kuokoa kwa usalama. Wa umri wa shule, wadau. Hao ni wa kwetu sisi walimu.

Najua mtakayosema. La kwanza, kichocho. Ni kweli kabisa na silifanyii mzaha. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji na kupenya kwenye ngozi, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na mchana wa jua kali ndiyo hutoka kwa wingi. Kwa hiyo sisemi tukajitupe kwenye matete ya Malimbe. Mimi nimejifunza kuelea kwenye bwawa la hoteli, Jumapili tatu, kiingilio ni pesa ya chipsi mayai za siku mbili. Na kwa anayeishi kisiwani, tusidanganyane, maji anayaingia kila siku apende asipende. Huyo anahitaji kupimwa, dawa ya kichocho, na ujuzi wa kuelea. Vyote vitatu.

La pili, mamba. Wapo sehemu nyingine, ndiyo maana unauliza wenyeji kwanza. La tatu, "si kuna daraja sasa?" Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, nami nimelipita nikashangilia kama wengine. Lakini halifiki Ukerewe wala Ukara. La nne, "mtoto wa kike ataogelea na nini?" Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umefundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima. Nungwi imewezekana, Nansio inashindikanaje?

Basi mapendekezo yangu ni madogo. Kwanza, sisi wenyewe. Tuchange, tukodi bwawa Jumapili asubuhi, tumtafute mwalimu, wasichana wawe na saa yao. Wanne tayari tumeshakubaliana. Pili, tukienda kufundisha, kipindi cha michezo kimoja kwa mwezi kiwe cha usalama wa maji, hata kama ni nchi kavu. Mfundishe mtoto kwamba dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri linaelea na linabeba mtu. Mfundishe kwamba mwenzako akizama unarusha, huruki. Rusha kamba, rusha dumu, nyoosha kasia, piga kelele. Wengi wanaokufa wawili wawili ni kwa sababu wa pili aliruka. Tatu, siku mkijua kuogelea, tafuteni miwani mtazame chini. Mtoto aliyewahi kumwona furu akiwa hai kwenye mwamba wake hatamwaga takataka ziwani kirahisi.

Mimi mwezi uliopita mjomba alinipeleka na mtumbwi kwenye jiwe moja mbali na pwani, maji ya kina, nikiwa na laifu jaketi na kamba kiunoni. (Ndiyo, na kipimo cha kichocho nitarudia, msinianze.) Maji yalikuwa ya kijani. Nilinyoosha mkono, vidole vikaonekana kwa shida. Nikasubiri. Kikapita kisamaki kimoja chenye milia, kikaingia ufa wa jiwe. Sijui kama ndiye yule wa Mwalimu. Mjomba aliniuliza nimeona nini, nikamwambia. Akanyamaza, kisha akasema miaka yote hiyo yeye huwa anawaona furu wakiwa wameshakufa.

Muhula ujao naomba kurudi shule ile ile. Yule binti ana swali lake, nami sasa nina jibu.

Naomba kutoa hoja.