Bisi Haitaki Presha

Kuna imani moja imeota mizizi katika mji wetu wa Bunia, nami nataka ing'olewe. Inasema kwamba bisi za kweli, zile za njano, nyepesi, zilizoshikwa na chumvi kila pembe, kama tunazoziona mikononi mwa watazamaji wa sinema, hazitoki ila kwenye mashine. Asiye na mashine ya vioo na taa aridhike na bisi ngumu. Na tangu masufuria ya presha ya umeme yaanze kuingia majikoni, imani hiyo imezaa mtoto mwenye hatari kuliko mama yake: eti sufuria hiyo hupasua mahindi kwa sababu ni ya presha. Basi mtu atie mafuta na mahindi, akaze kifuniko, abonyeze kitufe, angoje.

Zote mbili ni uongo. Ya kwanza inawala watu fedha zao. Ya pili inaweza kumuunguza mtu uso.

Nianze na hiyo ya pili, maana ndiyo ya haraka. Presha inayopasua bisi imo ndani ya punje, haimo ndani ya chombo. Punje nzuri ya mahindi ya bisi ina maji kidogo, kati ya asilimia 13 na 14.5 ya uzito wake, yaliyofungiwa nyuma ya ganda gumu lisilovuja. Ikipata moto, maji hayo yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, na wanga ulio ndani unalainika. Joto likikaribia nyuzi 180 za Selsiasi, mvuke unalisukuma ganda kwa nguvu ipatayo mara 9 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Ganda linashindwa. Wanga unafumuka, unapoa papo hapo, unaganda jinsi ulivyofumuka. Kila punje, kwa hiyo, ni sufuria ndogo ya presha iliyokamilika, na haihitaji kuwekwa ndani ya nyingine.

Sasa tuitazame ile kubwa ya umeme. Sufuria hizi za nyumbani zikifungwa huongeza presha ya kilopaskali 70 hadi 80 hivi, ambayo haifiki hata mara moja ya presha ya hewa ya kawaida. Joto lake likiwa katika hali hiyo ni nyuzi 115 hadi 118 kwa vipimo vya usawa wa bahari, na huku kwetu juu linashuka kidogo. Kutoka hapo hadi nyuzi 180 pana safari ndefu ambayo mvuke wa sufuria hiyo hauiwezi. Ukitia maji ili presha ipande, utapata mahindi ya kuchemsha. Usipotia maji, hakuna mvuke wa kujenga presha; kilichobaki ni mafuta ya moto chini ya kifuniko kilichokazwa, ndani ya chombo ambacho mpira wake na vali zake vimetengenezwa kwa ajili ya mvuke wa maji, wala si kwa mafuta ya kukaangia. Mama mwenye mtoto mgongoni hapaswi kusimama mbele ya chombo cha namna hiyo.

Tena presha ya nje ni adui wa bisi. Mwaka 2005 wanafizikia watatu wa Marekani, Paul Quinn, Daniel Hong na J. A. Both, walichapisha utafiti ambamo walifanya kinyume kabisa cha wanachofanya watu wetu: walinyonya hewa kutoka ndani ya chombo cha kukaangia ili presha ishuke. Bisi zikatoka kubwa zaidi, na punje zilizokataa kupasuka zikapungua. Sababu yake inaeleweka. Wanga unaofumuka husukumana na hewa ya nje. Hewa hiyo ikiwa nyepesi, wanga unatanuka zaidi. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu tayari ni nyepesi kuliko ya Matadi au Mombasa. Maumbile yametupa nafuu kidogo, sisi tunakaza kifuniko ili tuipoteze.

Najua atatokea mtu aniambie kwamba huko China, tangu zamani, kuna wachuuzi wa mitaani wanaopasua nafaka ndani ya pipa la chuma lililofungwa. Ni kweli. Lakini pipa lile huzungushwa juu ya moto mpaka presha ya ndani ifike karibu mara 10 ya ile ya hewa, kisha hufunguliwa kwa ghafla, kwa kishindo cha mzinga. Kinachofumua nafaka ni ule ufunguaji wa ghafla. Sufuria ya nyumbani imeundwa ili jambo hilo lisitokee kamwe: kifuniko chake hakifunguki mpaka mvuke uishe. Anayetaka kuigeuza kuwa pipa la Wachina anatafuta msiba.

Sisemi kwamba sufuria hiyo haina maana. Kwa urefu wa mji wetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, ndiyo maana maharagi hutukalia jikoni nusu siku huku makaa yakiteketea. Hapo ndipo presha inapostahili sifa zake zote: kwenye maharagi, kwenye nyama ngumu, kwenye mahindi makavu ya kuchemsha. Kila chakula na moto wake.

Je, bisi zinaweza kupikwa ndani ya sufuria hiyo ya umeme? Zinaweza, na zinatoka vizuri, kwa sharti kwamba presha isitumike hata chembe. Sufuria nyingi za aina hii zina kitufe cha kukaanga, kile cha kukaangia vitunguu kabla ya mboga. Kwa Instant Pot, chapa iliyoanzia Kanada mwaka 2010 na kuigwa na wengi, kiwango cha juu kabisa cha kukaanga ni nyuzi 175 hadi 210. Hicho ndicho kiwango cha bisi. Vya chini yake havifiki.

Washa kitufe hicho ukipandishe mpaka mwisho. Tia vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, na punje tatu tu za kujaribia. Zikipasuka zote, mimina nusu kikombe cha mahindi, yatandae chini kwa safu moja, wala usijaze kwa tamaa. Funika kwa kifuniko cha kioo au kifuniko cha sufuria ya kawaida kilichokaa tu juu, kikiacha upenyo mdogo. Upenyo huo una kazi kubwa: mvuke unaotoka kwenye punje usipopata njia utarudi kwenye bisi na kuzifanya ngumu kama mpira. Tikisa au koroga mara kwa mara. Milio ikianza kuachana kwa sekunde mbili au tatu, zima na umimine mara moja kwenye beseni pana, kwa sababu chuma cha chini bado kina moto wa kuunguza. Na kama sufuria yako ni dhaifu, punje zinakauka bila kupasuka, iache. Chukua sufuria ya kawaida yenye kitako kizito, uiweke kwenye mbabula ya makaa. Matokeo ni yale yale, na hilo peke yake lingetosha kumaliza ubishi.

Turudi sasa kwenye imani mama, ile ya mashine. Itazame mashine ya sinema kwa makini. Kile chombo kinachoning'inia juu, kinachopinduka kumwaga bisi, ni sufuria yenye mwiko wa kuzungushia. Vioo ni vya kuonyesha bidhaa, taa ni ya kuvutia macho na kutunza joto. Ladha haikai katika kimojawapo cha hivyo. Inakaa katika vitu vitatu: punje, mafuta na chumvi.

Punje kwanza. Si kila hindi hupasuka. Mahindi yetu ya kusagia unga yana ganda linalovuja na wanga mwingi laini, kwa hiyo mvuke hutoroka kabla ya kazi kuanza. Lazima yawe mahindi ya bisi, yale madogo, magumu, yanayong'aa. Hata hayo, yakiachwa wazi kwenye gunia msimu mzima wa kiangazi, hupoteza maji yake na kugoma. Watu hulaumu sufuria, wakati kosa ni gunia. Dawa yake ni rahisi: vikombe vitatu vya punje ndani ya chupa au bidoni safi, kijiko kikubwa kimoja cha maji, funga, tikisa, rudia kutikisa kila siku, acha kwa siku kadhaa. Punje zitanywa maji na kurudia nguvu. Aliyenunua mashine ya mamia ya dola na kuijaza punje zilizokauka atauza makapi kama yeyote mwingine.

Mafuta ni ya pili. Ile njano ya bisi za sinema za Marekani kwa kawaida hutoka kwenye mafuta ya nazi yaliyotiwa rangi, mara nyingi karotini. Sisi watu wa Kongo tunahitaji kununua rangi hiyo? Mawese mekundu yanayouzwa kila soko, kuanzia soko kuu la Bunia hadi Komanda na Mambasa, yana karotini tele, na ndiyo inayoyapa wekundu wake. Kijiko kimoja cha mawese ndani ya vijiko viwili vya mafuta ya kawaida kinatoa rangi ya dhahabu ambayo kiwanda huigiza. Zidisha mawese, ladha itakuwa ya mboga ya sombe. Weka kipimo, itakuwa ya bisi.

Chumvi ni ya tatu, na wengi hukosea hapa. Chumvi ya mezani ina chembe kubwa, hudondoka chini ya beseni. Ya sinema ni laini kama poda, hushika. Itwange kwenye kinu kikavu mpaka iwe vumbi, uinyunyize bisi zikiwa bado moto na zina mafuta. Ni nyumba gani ya Bunia isiyo na kinu?

Na hao tunaowaiga, bisi walizianzia wapi? Charles Cretors wa Chicago alipounda mashine yake ya mvuke, iliyoonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya mji huo mwaka 1893, ilikuwa ni mkokoteni wa mtaani. Wenye majumba ya sinema walizikataa bisi kwa miaka mingi, wakiogopa mazulia yao kuchafuka. Ni wachuuzi waliozipeleka mlangoni, wakawauzia watazamaji wakiingia. Ilipofika dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930, wenye sinema waliona fedha inapita nje ya mlango wao, wakazikumbatia. Bisi za sinema ni chakula cha mchuuzi kilichoingia ndani. Mama anayeuza vifuko vya bisi nje ya lango la shule huko Mudzipela au pembeni ya Boulevard de la Libération, akiwa na sufuria moja na mbabula, ndiye mrithi halali wa kazi hiyo. Chema chajiuza, na chake kinajiuza kila siku bila taa wala kioo.

Ndiyo maana imani hii inanikera. Nawasikia vijana wakisema wangeanza biashara ya bisi ila hawana mtaji wa mashine, wakati nusu ya mtaji huo ingenunua gunia la punje bora, mafuta na vyombo vya kuzitunza zisikauke, na kazi ianze wiki hii. Wengi wanaoishi mjini leo walikimbia mashamba yao ya Djugu na Irumu kwa sababu ya vita. Wanatafuta kazi ya mtaji mdogo. Kuwaambia kwamba lazima kwanza wapate mashine kutoka Kampala au Dubai ni kuwafungia mlango ambao haujawahi kuwa na kufuli.

Wengine watasema umeme wetu wa bwawa la Budana hauaminiki, kwa hiyo mjadala huu wa sufuria za umeme ni wa matajiri. Nakubali umeme hukatika. Lakini hesabu ni nyepesi: sufuria ya wati 1,000 ikifanya kazi dakika 10 hutumia chini ya robo ya uniti moja. Unapokuwepo, utumie. Usipokuwepo, makaa yatafanya kazi ile ile, kwa punje zile zile.

Nina madai mawili. Wauzaji wa masufuria ya presha hapa mjini wamweleze kila mnunuzi, kwa Kiswahili, kabla hajalipa, kwamba chombo hicho hakikaangi kitu kikiwa kimefungwa. Vijitabu vya lugha za kigeni vilivyomo katoni havimsaidii asiyezisoma. Na wanaofundisha vijana na akina mama biashara ndogo waache kuanza na orodha ya mashine. Waanze na punje: jinsi ya kuichagua, kuitunza na kuijaribu. Atakayeijua punje atakaanga kwa chombo chochote atakachopewa, na fedha zitabaki mfukoni mwake.